ThinkCentre ya mtumba kama seva ya nyumbani, na mikutano ya Linux: wapi hela inalipa na wapi inapotea

Wenye haraka jibu ni hili: Lenovo ThinkCentre M720q Tiny ya mtumba ndo mashine nzuri kuliko zote nilizotumia kwa mtu wa Dar anaetaka kuwa na seva yake nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhifadhi picha, video na mapaswedi ya familia, ila mashine yenyewe ndo sehemu rahisi kabisa, kazi na hela vinaenda kwenye umeme na kwenye kutafuta njia ya kuifikia ukiwa nje, na hayo muuza duka hakwambii maana yeye anauza boksi tu. Mikutano nitaifikia huko chini, kwa kifupi nenda ukakutane na watu, mada utaziangalia kwenye video.

Tuanze na boksi. Hizi Tiny ni kompyuta za maofisini, makampuni ya nje yakibadilisha mashine zao za zamani zinakusanywa na kuuzwa kwa jumla alafu zinaishia Kariakoo na kwa madogo wanaouza Instagram. Upana ni kama sentimita 18 kila upande, unene sentimita tatu na nusu, inakaa nyuma ya tv na mgeni hajui kama ipo. Yangu ina i5-8400T, core sita, nafasi mbili za ram, nafasi moja ya NVMe (diski ndogo ya kasi inayochomekwa kwenye ubao wenyewe) na sehemu ya diski moja ya inchi 2.5. Bei nilizokutana nazo zinacheza kati ya laki nne na laki sita kutegemea ram na diski walizoweka, na mazungumzo yapo, usilipe bei ya kwanza, kwanza mwambie atoe ile Windows na kibodi unazolazimishiwa uone bei inashukaje.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa desktop tu alafu ukafurahi. Omba skrini na kibodi, washa, bonyeza F1 uingie kwenye BIOS, zile setingi za mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka. Ikikuomba paswedi ambayo muuzaji haijui achana nayo hapo hapo, hiyo mashine ilikuwa ya kampuni na ilifungwa na watu wa IT wa huko, kuifungua ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake na hakuna sababu ya wewe kununua ugomvi. Angalia na adapta, inatakiwa ile ya Lenovo yenyewe ya volti 20 yenye kichwa cha mstatili, ukipewa adapta ya kuungaunga mashine inaweza kujipunguza spidi yenyewe na utakaa unalaumu Linux bure. Mimi naenda na fleshi yenye Debian (aina moja ya Linux) ya kubutia moja kwa moja, nikishawasha narun smartctl kuona diski imetumika masaa mangapi, wauzaji wengine wanakuangalia kama mwizi lakini mwenye mali nzuri hana neno.

Kitu kimoja cha kujua kuhusu diski, ile sehemu ya ndani inaingia diski ya unene wa milimita 7 tu. Diski za laptopu za tera nne ni nene, haziingii hata ukilazimisha, na zile za tera mbili nyembamba nyingi ni za SMR, yaani data zinaandikwa zikilaliana, kusoma zipo vizuri ila ukiandika vitu vingi mfululizo zinakaba. Kwa picha na video za familia hamna noma, kwa ZFS, ule mfumo wa kupanga data kwenye diski kadhaa pamoja, usithubutu. Mfumo wangu upo kwenye NVMe, picha zipo kwenye SSD ya SATA, na video zipo kwenye diski kubwa ya nje yenye adapta yake. Sio pazuri kwa macho lakini inafanya kazi.

Umeme sasa. Ikiwa imetulia inakula kama wati 15, ukipiga hesabu ya mwezi mzima ni uniti 11 hivi, kwa tarifu ya kawaida ya LUKU ambayo na makodi yake inafika kama shilingi 350 na kitu kwa uniti unaongelea buku nne kwa mwezi. Google wanataka karibu dola mbili kwa mwezi kwa giga 100, na ile ya kuhifadhi picha bila kikomo bure waliifunga Juni 2021. Kwaiyo kwenye matumizi ya kila mwezi seva inashinda, ila kwa kweli usiingie huku kwa ajili ya kuokoa hela, maana hela ya mashine na diski na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) utairudisha baada ya miaka, ingia kwa sababu unataka picha za watoto wako zikae kwako.

UPS ndo sehemu inayochanganya watu. Zile mini UPS za volti 12 zinazouzwa kila kona kwa ajili ya rauta ni nzuri sana na kila nyumba inayotegemea intaneti iwe nayo, lakini haziendeshi Tiny, hii inataka volti 20. Kwaiyo nina mini UPS ya rauta na UPS ya kawaida ya 650VA ya seva, tofauti tofauti, na faida yake ni kwamba umeme ukikatika muda mrefu seva inazima lakini intaneti ya nyumbani inaendelea. Nunua UPS yenye kebo ya USB, alafu weka programu inaitwa NUT, inaongea na UPS na betri ikikaribia kuisha inaizima seva kwa adabu badala ya kukatwa katikati ya kuandika databesi. Alafu nenda BIOS tafuta After Power Loss iweke Power On, umeme ukirudi usiku wa manane mashine inajiwasha yenyewe na wewe umelala. Hii setingi moja ndo imefanya niweze kusafiri bila kupiga simu nyumbani kuomba mtu abonyeze kitufe. Betri za ndani ya hizi UPS joto la Dar linazimaliza mapema, ile ya volti 12 ampia 7 inauzwa kwenye maduka ya alamu za usalama, unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi, usitupe UPS nzima.

Na joto lenyewe, mashine inavumilia. Nilifungua nikabadilisha pesti ya prosesa kwa sababu ile ya kiwandani ilikuwa imekauka kama chokaa, feni ikanyamaza. Kama unakaa karibu na bahari ipulize vumbi mara kwa mara na uiweke mbali na dirisha, chumvi inakula poti za USB.

Haya, mtandao, hapa ndo penye stori. Laini nyingi za majumbani hapa mjini, ziwe za simu au hata baadhi ya faiba, hupewi IP (anwani ya mtandaoni) ya kwako peke yako, mnawekwa wateja kibao nyuma ya IP moja, inaitwa CGNAT. Kujua kama umo ni rahisi, ingia kwenye rauta angalia IP ya upande wa nje, ikianzia 100.64 mpaka 100.127 umo ndani, hilo eneo lilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Maana yake zile video za YouTube za Wamarekani wanaokwambia fungua poti 443 (mlango wa kuingilia wa tovuti) kwenye rauta kisha kila kitu kinaenda, kwako haziendi, unaweza kufungua poti mpaka kesho na hakuna kitakachoingia.

Njia zipo na nimezipitia. Ya kwanza na ndo ninayoipendekeza kwa familia ni Tailscale, unaweka kwenye seva na kwenye simu, zinaonana kama zipo nyumba moja. Chini yake ni WireGuard, njia ya kuunganisha mashine kwa siri, ile iliyoingizwa kwenye kernel (kiini) ya Linux toka 5.6 mwaka 2020, na inajaribu kwanza kuunganisha simu na seva moja kwa moja, ikishindikana inapitisha kwenye seva zao za kati na mojawapo ipo Nairobi, kwaiyo hata ikishindwa data yako haizunguki Ujerumani ndo irudi Dar. Ubaya ni kwamba kila mtu lazima awe na ile apu imewashwa, na bibi yake watoto huwezi kumwambia hivo. Ya pili ni Cloudflare Tunnel, hii unapata anwani ya kawaida ya wavuti mtu yeyote anafungua, bure, ila kwenye akaunti ya bure faili moja likizidi mega 100 linakataliwa, na video ya dakika chache tu ya simu za saivi inapita hapo, kwaiyo kwa kutuma video za harusi sahau. Ya tatu ni kukodi VPS ndogo (seva ya kwenye intaneti) Ulaya ya euro nne tano kwa mwezi, unaweka WireGuard yako mwenyewe, hapo wewe ndo mwenye kila kitu, ila sasa kila picha inasafiri mpaka Ulaya na kurudi hata kama aliyeiomba yupo Mbagala na seva ipo Tabata. Mimi natumia ya kwanza kwa nyumbani na ya pili kwa vitu vyepesi tu.

Programu ninazoendesha zote zipo kwenye Docker (kila programu na kasha lake) juu ya Debian, nilianza na 12 nikapanda 13 ilipotoka Agosti 2025 na haikunisumbua kitu. Immich kwa picha ndo mfalme, nasema bila kupepesa, inapakia picha kutoka kwenye simu yenyewe, inatambua sura za watu, na kuna kitu ambacho watu hawakijui, ile modeli ya kutafuta picha kwa maneno inayokuja nayo ni ya Kiingereza, lakini unaweza kuingia kwenye setingi ukaweka zile za nllb-clip ambazo Kiswahili zinakifahamu, ukaandika "mbuzi" zikaja mbuzi, "watoto ufukweni" wakaja watoto ufukweni. Inachanganya kidogo kwenye maneno ya mitaani na inakula ram zaidi, weka giga 16 usiwe na giga 8. Mama watoto aliponiona natafuta "keki" zikaja birthday zote za mtoto, kuanzia siku hiyo hajawahi kuuliza tena ile boksi ni ya nini.

Jellyfin kwa video ipo vizuri sana kwenye hii mashine kwa sababu ya ile grafiki ya Intel UHD 630, inageuza video za aina ya H.264 na HEVC bila prosesa kutoa jasho, aina mpya ya AV1 tu ndo haiwezi. Vaultwarden kwa mapaswedi ni nyepesi mpaka unaisahau. Pi-hole ya kuzuia matangazo inafanya hata tv ya kichina iwe na adabu. Nextcloud niliiweka nikaitoa, sio mbaya, ni kubwa tu, inataka kuwa ofisi nzima na mimi nilitaka sehemu ya mafaili, kama una watu kumi ofisini kwako hapo sawa.

Kuna siku moja ambayo hii seva ilijilipa yote. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja, wote tunakumbuka, nchi nzima intaneti ikawa ya kuvizia. Nyumbani kwangu picha zilifunguka, video zilicheza, mapaswedi yalikuwepo, maana vyote vipo kwenye chumba kile kile na havihitaji kupita baharini. Jirani alikuja kuuliza natumia mtandao gani. Hakuna mtandao bana, ni kebo ya mita mbili.

Kwenye bakapu usiwe mvivu. Natumia restic, inafunga data kwa siri kabla haijatoka, nakala moja ipo kwenye diski kwa dada yangu Morogoro inapitia Tailscale, nyingine ipo kwenye hifadhi ya kukodi Ujerumani. Mara ya kwanza kupakia ni mateso kwa spidi zetu za kupandisha, iache usiku kwa usiku, baada ya hapo inapeleka mabadiliko tu.

Sasa mikutano. Februari 2025 nilikuwa kwa binamu yangu Antwerp nikaunganisha na FOSDEM, mkutano wa watu wa programu huria kama Linux, inafanyika Brussels kwenye kampasi ya Solbosch ya chuo kikuu cha ULB, wikiendi, na mwaka huo walikuwa wanatimiza miaka 25 ya mkutano. Kuingia ni bure, hakuna kujisajili, hakuna kitambulisho cha shingoni, unaingia tu getini kama unaenda sokoni. Gharama ni ya kufika, viza ya Schengen peke yake saivi ni euro 90 na hairudishwi ukinyimwa, kwaiyo sikushauri utoke Dar kwa ajili yake tu, kama una safari ya shule au kazi huko ndo uunganishe.

Ukishafika, basi namba 71 linakushusha pale pale, na kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba watu ni maelfu na vyumba ni vya chuo. Mada zinaendeshwa sambamba kwenye vyumba kibao, chumba kikijaa wanabandika karatasi mlangoni kimejaa na hakuna cha kujuana, utasimama kwenye korido. Wazoefu wanaingia chumba kimoja asubuhi wanakaa humo mpaka jioni kulinda kiti. Mimi niliacha mapema, mada zote zinarekodiwa na kuwekwa bure, kwa nini nigombanie kiti. Nikahamia kwenye meza za miradi, jengo la K na mengine, Debian wapo na fulana zao, KDE, LibreOffice, wote unaongea nao uso kwa uso, na hao sio watu wa mauzo, ni wale wale wanaoandika hizo programu. Pale LibreOffice nilimsimulia jamaa kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishawahi kutoa OpenOffice (ile LibreOffice iliyotokana nayo) ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, toka 2004, akaacha alichokuwa anafanya akaanza kuniuliza nani anaiendeleza. Swali gumu hilo.

Kilichonifungua macho zaidi ni wifi yao, wallah. Kwa miaka mingi netiweki yao kuu ni ya IPv6 tupu (anwani za aina mpya, zipo za kumwaga), IPv4 (zile za zamani zilizoadimika) ukiitaka unaenda kwenye nyingine ya pembeni, na simu za maelfu ya watu zinafanya kazi kawaida. Nilisimama na mzee mmoja anaeshughulika na mitandao, nikamwelezea habari zetu za CGNAT, akanambia acha kuomba IPv4 kwa watoa huduma wako, omba IPv6, kila kifaa kinapata anwani yake na hizo tunneli zote zinakuwa hazina kazi. Niliporudi niliwaandikia watu wa laini yangu, jibu walilonipa lilikuwa la kunishauri nizime rauta niwashe tena.

Mapungufu ya FOSDEM: baridi, foleni ya chipsi ndefu (chipsi zenyewe na mayonezi, usitegemee kachumbari), vyoo vichache, na Mwafrika utakuwa unahesabika. Sio kwamba watu ni wabaya, hapana, ila mazungumzo mengi yanaanzia kwenye hali ambayo umeme upo na intaneti ipo, ukisema unazima seva kwa sababu ya mgao wanadhani unatania.

Ndo maana DjangoCon Africa nimeielewa zaidi, japo ni ya Python na Django (lugha ya kuandika programu na vifaa vyake vya kutengeneza tovuti), sio ya Linux moja kwa moja. Ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, ya 2025 ikaletwa Arusha mwezi Agosti, na hiyo nilipanda basi nikaenda. Tiketi unalipia, lakini basi ni basi, hakuna viza. Siku tatu za mada na siku mbili za kukaa mezani pamoja kuandika kodi, na zile siku mbili za mwisho ndo nyama yenyewe, watu wengi wanaondoka baada ya mada na wanakosea, maana hapo ndo anaejua anakaa na asiejua na hakuna wa kumcheka mwenzie. Nilikutana na wadada na makaka kutoka nchi mbalimbali wenye boksi zile zile za Tiny chini ya tv zao, na stori za UPS na CGNAT sikuhitaji kuzielezea, tulienda moja kwa moja kwenye suluhisho. Kuna mmoja anaendesha seva ya shule nzima kwa mashine kama yangu, mitihani ya zamani na video za masomo, watoto wanafungua kwa wifi ya shule bila bando. Hayo maongezi tuliyafanya tukiwa kwenye foleni ya chai.

Namba zangu: M720q nampa nane kwa kumi, mbili nimezikata kwa ile nafasi ya diski. Arusha tisa. FOSDEM saba kwa kwenda, kumi kwa kuangalia ukiwa nyumbani, na kama utaangalia kwa njia yangu ya kudaunlodi video usiku na kuziweka Jellyfin basi chagua faili la mp4, usichukue lile la webm, ni la AV1 na hii mashine itaanza kuungurumisha feni sebuleni.